Mteja Aliyekataa Kupimwa

Vifungo ndivyo vilivyotangulia kuumbua.

Mama mmoja alileta gauni la binti yake lipunguzwe kiuno, akamwambia fundi, "Shika na vifungo vyake, visije kupotea," akavimimina. Fundi akatoa mkono wa kulia avipokee, vifungo vyote vikaenda sakafuni, maana mkono ulikuja umegeuka: mgongo juu, kiganja chini, kama mtu anayemtuliza mbwa.

"Fundi, kama kazi yangu huitaki si useme?"

Fundi akainama akaviokota kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, anacheka kicheko cha meno tu, na jasho linamtoka kwenye nyusi. Yule mama akaondoka amenuna. Aliyebaki anatazama, sindano mdomoni, ni wifi yake, na jicho la wifi yake lilikuwa halikosi kitu.

Huyu fundi mtaa ulimwita Pindo, kwa kuwa pindo alilolikunja yeye halifumuki hata nguo ikichakaa mwilini. Mume wake alikuwa dereva wa malori, mwanamume wa kuja nyumbani kama mgeni: anakula, analala, anauliza habari, huyo keshaondoka. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa cha cherehani. Nyuma ya pazia walikaa mama mkwe, mtu mpole, mzito wa mwili, mwoga wa kila kisichoonekana, na huyo wifi, ambaye kazi yake ilikuwa kutoboa matundu ya vifungo na kutoboa mambo ya watu. Mtaa ulimwita Kipaza. Ukitaka habari yako ifike sokoni kabla yako wewe, mwambie Kipaza ni siri.

Ila Pindo alikuwa na moja ambayo Kipaza hakuwahi kuinusa. Tangu utoto wake alikuwa na kifafa. Kwao alimeza vidonge miaka na miaka, akatulia, akawa haanguki tena. Alipoolewa akaona haya. Vidonge vya kila siku utavificha wapi katika nyumba yenye Kipaza? Akaviacha. Mwezi wa kwanza kimya, wa pili kimya. Akasema moyoni, mimi nimepona.

Ndipo, kabla ya kisa kile cha vifungo, alipokuja mteja.

Alikuja mchana wa jua la kupasua kichwa, wakati hata kuku wamejibanza ukutani na mtaa mzima umelala na milango wazi. Pindo alikuwa peke yake chumba cha mbele. Hakusikia hatua. Aliinua macho tu akamkuta amesimama mbele ya meza: mwanamume mrefu, msafi, shati la mikono mirefu kupita mikono yake mwenyewe, vidole havionekani. Kitambaa alikisukuma mezani kwa kigasha. Cheusi, kizito, laini, cheusi kile cha kumeza mwanga. Pindo akakigusa, akakuta kina joto kama kimetoka kupigwa pasi sasa hivi, na ile harufu ya pasi ya moto juu ya nguo mbichi ikajaa chumbani. Akageuka kutazama pasi yake ya mkaa. Ilikuwa juu ya rafu, baridi, ndani majivu matupu.

"Nataka koti, fundi."

"Karibu. Sogea nikupime." Keshatoa futi shingoni.

Mteja akarudi nyuma. "Usinipime. Shona la kukutosha wewe."

Pindo akacheka. "La kunitosha mimi! Wewe unagusa dari, na mimi hapa nimelingana na stuli ya cherehani."

"Shona," akasema yule, taratibu, sauti ya chini kama ya mtu anayezungumza msikitini. "Nitaingia."

Wateja wana vichaa vyao, kila fundi anajua. Mwingine anataka suruali ya mchumba ambaye hajampata. Lakini Pindo alikuwa na sharti lake, alilolishika tangu anajifunza kazi: mtu asiyepimwa hakatiwi nguo. Siku ile akalivunja. Alilivunja kwa tamaa ya kitambaa tu, si kwa lingine. Mikono yake ilikuwa inakipapasa mezani yenyewe, kama mtu aliyepewa mtoto wa watu ambebe.

Kipaza alipoamka na kukiona alipiga yowe. "Wifi! Kitambaa gani hiki? Hiki mtu akivaa hata aliyemwacha atarudi! Mabaki niwekee mimi."

"Mabaki ni ya mwenyewe."

"Mwenyewe atajuaje? Umempima?"

Pindo akakikunja kitambaa.

Akalishona. Likatoka zuri la kutisha, mabega yamekaa kama yamechongwa. Mchana mmoja, mama mkwe na Kipaza wamekaa kwenye mkeka wanachambua vifungo, akasimama mbele ya kioo kulijaribu. Mkono wa kushoto ukaingia. Akaingiza wa kulia, na katikati ya mkono wa koti akahisi vidole vya mtu vinavyokuja kwa upande wa pili, vinakutana na vyake, vinapita ndani ya vyake kama mtu anavyovaa glovu. Harufu ya pasi ikampanda puani, na kabla hajaita mama, akaenda chini.

Mama mkwe hakuwa amewahi kuona kifafa, ila majini alikuwa ameyasikia tangu tumboni. Na yeye alifundishwa na mama yake kwamba aliyepandwa na jini hukunja ngumi kwa sababu jini amempa kitu ashike, na ukiwahi kuifungua ngumi ile kabla hajatulia, jini hana tena cha kumrudisha. Basi bibi wa watu akajitupa juu ya mkono wa kulia wa mkwewe kwa uzito wake wote. "Vuta!" akampigia kelele binti yake. "Fungua vidole! Vuta mkono!" Kipaza akavuta, mguu mmoja ukutani, mwili wa Pindo unaruka kama samaki, na ndani ya bega ukasikika mlio, krrr, kama kitambaa kinene kinachochanwa.

Ngumi ilipofunguka ndani yake hamkuwa na kitu. Jasho tu.

Kuanzia pale mkono haukuwa mkono. Bega lilimuuma asilale upande ule, na kiganja kilikataa kugeuka juu; ndicho hicho kilichomwaga vifungo vya yule mama. Alikwenda zahanati, na kwa ile haya yake akasema ameteleza bafuni. Wakampa dawa ya maumivu, akarudi. Kubwa ni kwamba hakuweza kukata. Mkasi wa fundi unataka bega lifunguke, mkono uende nje na urudi, na wake ulikuwa umegandishwa kifuani kama wa mtu anayesikia baridi. Akawa anakata kwa kushoto, kombokombo, nguo za watu zinaharibika. Kipaza akaanza kumwambia mama yake kwamba yuko binti mmoja anajua kukata vizuri, anaweza kukaa kwenye ile cherehani ya dirishani. Cherehani ya dirishani ilikuwa ya Pindo.

Halafu akafa jirani, na watu wakakaa msibani. Dua ikaombwa, wanawake wote wakainua viganja. Pindo akainua vyake. Cha kushoto kikatazama juu. Cha kulia kikatazama mkeka.

Alijaribu. Waliokaa karibu waliona mishipa ya shingo ikimsimama anavyojaribu. Kiganja hakikugeuka.

"Mmeona?" Kipaza akanong'ona, na kunong'ona kwa Kipaza kulisikika hadi kwa wanaume. "Jini wake hataki dua. Ameukamata mkono asiitikie amina."

Kabla marehemu hajazikwa, mtaa ulikuwa umekwisha kumzika na Pindo. Wateja wakapungua. Mama mkwe akawa anamtengea chakula na kurudi nyuma hatua mbili. Na Pindo mwenyewe, aliyejua ana kifafa, akaanza kujiuliza kama kifafa ndicho chenye vidole vile alivyovihisi ndani ya mkono wa koti.

Koti lenyewe lilikuwa limetundikwa msumarini, linangoja. Na mteja hakuwa anakuja. Kilichokuja ni harufu yake. Kila mchana, watu wakishalala, harufu ya pasi ilikuwa inaanza chini ya mlango, na mkono wa kulia wa koti unakuwa umejaa kidogo zaidi ya wa kushoto. Pindo aliufinya siku moja. Ulikuwa mtupu. Alipoachia, ukajaa tena.

Siku alipoanguka mara ya pili aliona dalili zote: harufu ilikuja nzito mpaka ikamtia kikohozi, cherehani ya dirishani ikaanza kuzunguka gurudumu lake bila mguu wa mtu, taratibu kwanza kama inayokumbuka, halafu mbio, sindano inapiga chuma kitupu, tak-tak-tak-tak, na yeye anataka kupiga kelele mama mkwe aamke lakini ulimi umeshakuwa wa mtu mwingine, na anaona kwenye kioo koti halipo msumarini, liko mgongoni mwake, ingawa hakulivaa, hakulivaa kabisa, na bega lake la kulia linaanza kurudi nyuma lenyewe, linarudi, linarudi, kama mtu mwenye mwili mkubwa anavyojinyoosha ndani ya nguo ndogo ili ikae. Akaanguka.

Mama mkwe na Kipaza wakatoka mbio, wakamvamia mkono. Kipaza keshaweka mguu ukutani. Na hapo Pindo, macho yamegeuka meupe, akafungua mdomo, ikatoka sauti ya chini, ya adabu:

"Linabana begani."

Mama mkwe akaachia mkono kana kwamba ni kaa la moto.

"Mama, umesikia?" Kipaza akanong'ona, na safari hii kweli alinong'ona.

"Nyamaza."

"Limesema linabana."

"Nimekwambia nyamaza, lisije likakusikia na wewe!"

Kesho yake akaitwa mganga. Alikuwa mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi sikioni, na watu walimwita Babu Miwani. Alipoingia hakuomba mbuzi wala ubani. Aliomba kiti, magoti yanamsumbua. Akalitazama koti kwa muda mrefu, akavuta pumzi puani, akatikisa kichwa.

"Yupo," akasema. "Huyu ni wa mchana. Hawa wana adabu sana, na ndio wabaya." Kisha akamgeukia Pindo. "Binti, nipe mkono. Geuza kiganja."

"Hakigeuki, babu."

Akalipapasa bega. Mbele palikuwa pamebonyea, nyuma pana donge. "Na nyinyi mlimfanya nini alipoanguka?"

Mama mkwe akaeleza habari ya ngumi. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Jini mnamwachia chumba kizima, mnashindana na mkono wa mgonjwa! Sikilizeni. Jini nitamtoa. Bega hili silijui, na sitaligusa. Nendeni hospitali kubwa kwanza. Na wewe binti, huko useme kweli yote. Yule anaingia kwa pale unapoficha."

"Na asipopona, babu?" Kipaza akauliza.

"Wewe una maneno mengi. Kuna siku yatakuponza."

Hospitali kubwa walipiga picha ya kwanza kwa mbele, ikaonekana kama hakuna kitu, na Kipaza akaanza kumkanyaga mama yake mguu: si unaona, ni jini tu. Lakini daktari alimwambia Pindo ageuze kiganja, akamwona anavyoshindwa. Akauliza, "Una kifafa?"

Pindo akamtazama mama mkwe. Akamtazama Kipaza, ambaye masikio yalikuwa yamesimama kama ya sungura. "Ninacho," akasema. "Tangu mdogo. Nilikuwa nameza dawa, nikaacha. Niliona haya."

Daktari akaagiza picha nyingine, ya ubavuni, na hapo fupa la mkono likaonekana limekaa nyuma ya kikombe chake, limejibana huko siku zote zile.

"Akianguka," daktari akamweleza mama mkwe, "misuli yote inajikaza kwa pamoja. Yenye nguvu inashinda, inalisukuma fupa nyuma. Linaweza kutoka hata asipoguswa na mtu. Watu wa kifafa yanawapata haya, na hayaonekani upesi. Nyinyi mlipomvuta mkazidisha. Siku nyingine msimshike. Mlazeni ubavu, wekeni kitu laini chini ya kichwa, msimtie kitu mdomoni, mngoje atulie. Asipotulia baada ya dakika chache, mleteni."

"Hata ngumi tusifungue?"

"Ngumi ina nini, mama?"

Mama mkwe akaanza kulia. "Kwa nini hukuniambia, mwanangu? Ningekuvuta mimi mkono kama ungeniambia?"

"Niliogopa utanirudisha kwetu."

"Nikurudishe! Nani atanishonea?" Wakacheka wawili wale huku wanalia, na Kipaza akatoka nje kidogo, maana habari kubwa kama ile ilikuwa inamchoma tumboni.

Fupa lilikuwa limekaa vibaya muda mrefu, halikurudi kwa kuvutwa. Wakampa usingizi, wakapasua, wakalirudisha. Alitoka mkono umefungwa, na dawa zake mkobani. Mama mkwe ndiye aliyekuwa anamletea kidonge na maji kila jioni, anasimama pale mpaka amwone kameza, kama anayemlinda mwizi. Baadaye likaja zoezi, polepole, mkono juu ya meza, kiganja kinageuzwa kidogo leo, kidogo kesho. Maumivu yake usiseme. Lakini hakuanguka tena.

Koti lilikuwa bado msumarini.

"Sasa ndiyo zamu yangu," akasema Babu Miwani alipoitwa tena. Akakaa kitini, akamwambia Pindo alilaze koti mezani. "Alikuomba umshonee mwili. Ulishona, ukamjaribishia. Nitasoma, lakini kufumua ni kwako. Anza na bega. Na usiache mpaka uzi wa mwisho."

Ilikuwa mchana uleule wa jua. Pindo akashika wembe kwa mkono wa kulia. Kwa mara ya kwanza tangu alipougua, alihitaji ule mkono ugeuke kwelikweli: kiganja juu, kitambaa kikae ndani yake, wembe upite kwenye mshono. Ukageuka. Babu akaanza kusoma chinichini, na harufu ya pasi ikaanza chini ya mlango.

Pindo hakuinua macho. Aliona viatu tu. Viatu visafi vilivyosimama upande wa pili wa meza, pale ambapo hakuna aliyepita, na sauti ile ya adabu ikamwambia, fundi, unaniharibia, na yeye akakata uzi, ikamwambia, fundi, nimezoea hapo, na yeye akakata, bega linawaka, ikamwambia, fundi, hivi vidonge utachoka kuvimeza, haya itakurudia, nitakungoja, na chumba kikawa cha moto kama ndani ya pasi, na gurudumu la cherehani likaanza kuzunguka, na mama mkwe akasikika nyuma ya pazia akilia na upindo wa kanga mdomoni, na Pindo akakata, akakata, mpaka mkono wa koti ukaachana na bega, ukaanguka mezani, mtupu, kisha mishono mingine yote, hadi uzi wa mwisho.

Akavuta futi shingoni, akainuka nayo.

"Sikukupima," akasema, na meno yanagongana. "Mimi mtu nisiyempima simshonei. Unataka koti? Sogea."

Akatupa futi pale yalipotakiwa kuwa mabega yake. Futi ikapita hewani, ikaanguka sakafuni. Hapakuwa na kitu cha kupima.

Cherehani ikasimama. Babu Miwani akajifuta jasho. "Amekwenda. Vitambaa vichomwe leo hii, visiachwe hata kipande."

"Nipeni mimi nikachome," akasema Kipaza, na kwa kuwa kila mtu alikuwa amechoka, akapewa. Moshi ulionekana uani. Mama mkwe alisema unanuka magazeti, ila hakuna aliyekwenda kutazama.

Wateja wakarudi. Pindo akakata gauni, akakata suti za harusi, akashika vifungo vya watu kwa kiganja kilichokaa sawa kama sahani. Cherehani ya dirishani ikabaki yake, na mtaa ukapata mengine ya kusema.

Mchana mmoja Pindo alikuwa mezani anachora, mama mkwe amekaa kando yake anaviringisha uzi. Pazia likafunguka. Kipaza akatoka amejipamba, yuko ndani ya blauzi mpya nyeusi, nyeusi ile ya kumeza mwanga. Akajigeuza mbele ya kioo huku na huku. Pasi ilikuwa juu ya rafu, baridi, na chumba kikaanza kunuka pasi.

"Wifi, mnaionaje?" akasema. "Nimejishonea mwenyewe, wala sikujipima. Nzuri, eti?"

Pindo akaweka chaki chini. Bega lake la kulia lilikuwa linarudi nyuma.

"Nzuri," akasema tena, na sauti ikawa ya chini, ya taratibu, ya adabu, na Kipaza tangu azaliwe hajawahi kusema kwa adabu. "Ila inabana begani."

Mama mkwe akainuka kumkimbilia.

"Usimshike, mama," akasema Pindo. Akanyoosha mkono wa kulia, kiganja juu. "Nipe mkasi."